Kina Deo wametoka wapi?

Kila Jumamosi mchana, kabla kikundi chetu cha vijana hapa Nyamirambo hakijaanza, naita majina. Nikifika kwa Deo, wanaitika watatu. Ndiyo maana tumewagawa: kuna Deo Mrefu, kuna Deo Kipa kwa sababu anadaka mpira, na kuna Deo wa Rutshuru. Wa kwanza ni Mrundi. Wa pili ni Mnyarwanda, jirani yetu anayekuja kucheza na sisi. Wa tatu ni Mkongomani kama mimi. Nchi tatu, jina moja. Nilishazoea, wala sikujiuliza.

Nilianza kujiuliza siku walipokuja wageni. Walikuwa watu wazuri, sisemi vibaya juu yao. Walileta mipira na madaftari, kisha wakaomba tupige video fupi, kijana mmoja aseme asante kwa wafadhili. Nikamchagua Deo Mrefu kwa sababu Kiswahili chake kimenyooka: amezaliwa Tanzania, katika kambi ya Mtabila. Akasimama mbele ya kamera, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mimi naitwa Deogratias. Maana yake ni asante. Basi, nimeshamaliza." Akarudi kukaa. Vijana walicheka mpaka machozi. Mgeni hakucheka. Mimi jasho lilinitoka.

Baadaye nilimgombeza. Nilimwambia adabu ni adabu. Akanijibu taratibu, bila hasira: "Kaka, mimi nasema asante tangu sijajua kuongea. Na hilo jina lenyewe hawajui hata kuliandika." Sikuwa na jibu. Usiku ule nikaanza kutafuta jina hilo limetoka wapi. Niliyoyapata nayaweka hapa kwa sababu kina Deo ni wengi, Mahama, Kiziba, Nyabiheke na hapa mjini, na wale wanaowaandikisha nao wanasoma jarida letu.

Tuanze na maana. Deo gratias ni maneno mawili ya Kilatini. Deo ni "kwa Mungu". Gratias ni "shukrani". Kwa hiyo ukimwita mtu Deo, umesema "kwa Mungu" tu, na shukrani yenyewe umeiacha nyumbani. Wazee waliosali kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule wa 1962 hadi 1965, wanayajua maneno haya kwa masikio: padri alipotangaza kwamba misa imekwisha, ndiyo yalikuwa jibu. Kila Jumapili watu walitoka kanisani na jina la Deo mdomoni.

Wengi tunadhani ni jina la Wazungu. Hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Watu wa zamani wanaojulikana sana kwa jina hili walikuwa Waafrika, wa mji wa Karthago, karibu na Tunis ya leo. Wakristo wa Afrika ya Kaskazini katika karne ya nne na ya tano walipenda majina ambayo ni sala nzima. Mwana wa Mtakatifu Augustino aliitwa Adeodatus, yaani "aliyetolewa na Mungu". Askofu mmoja wa Karthago aliitwa Quodvultdeus, "anachotaka Mungu". Na kabla ya Ukristo watu wa Karthago walikuwa na desturi hiyohiyo: Hannibal, yule jemadari aliyevuka milima ya Alpi na tembo, ndani ya jina lake kuna mungu wao Baali. Mrundi au Mnyarwanda akisikia hayo hatashangaa sana. Kwetu pia jina linaweza kuwa sentensi kamili, na mara nyingi Mungu yumo ndani.

Lakini msifikiri yalikuwa maneno ya amani tu. Wakati wa Augustino, Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walikuwa wamegawanyika makundi mawili, Wakatoliki na Wadonati, na walipigana kweli, kwa fimbo na kwa moto. Hawa walisalimiana kwa Deo gratias, shukrani kwa Mungu. Wale walisema Deo laudes, sifa kwa Mungu. Ukisikia salamu, unajua mtu ni wa upande gani. Augustino alilalamika kwamba wenzake walichekwa kwa sababu ya salamu yao, na kwamba ile sifa ya upande wa pili ilitisha watu kuliko mngurumo wa simba. Sisi tuliotoka Kivu tunaelewa haraka: neno moja tu kwenye kizuizi cha barabara, lafudhi moja, na watu wameshajua wakuweke wapi.

Deogratias wa kwanza ninayetaka mumjue alikuwa shemasi wa Karthago, mnamo mwaka 400 hivi. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu waliokuja kanisani mara ya kwanza. Alimwandikia Augustino kwamba amechoka: anaongea mrefu, maneno yake mwenyewe yanamchosha, na anaona wanaomsikiliza hawapati kitu. Augustino akamjibu kwa kitabu kizima juu ya namna ya kuwafundisha wanaoanza. Alimshauri afundishe kwa furaha, amuulize msikilizaji kama ameelewa, na akimwona anapiga miayo ampe kiti akae. Mimi ninayeongoza mazungumzo ya vijana saa nane mchana chini ya mabati, nilisoma hayo nikacheka peke yangu. Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na bado dawa ni kiti.

Wa pili ndiye mkubwa. Mwaka 429 Wavandali walivuka bahari kutoka Hispania wakaingia Afrika, na mwaka 439 mfalme wao Genseriko akaiteka Karthago. Askofu Quodvultdeus na mapadri wengi walipakiwa katika mashua mbovu, wakasukumwa baharini. Hawakuzama, walifika Napoli, Italia. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wakimbizi wa mashua. Karthago ikakaa miaka mingi bila askofu, mpaka mwaka 454 ambapo Wavandali waliruhusu awekwe mmoja. Jina lake Deogratias, na alikuwa tayari mzee.

Mwaka uliofuata, 455, Wavandali waliiteka Roma na kurudi na mateka wengi sana. Walipofika pwani ya Afrika waligawana watu kama mali: mume huku, mke kule, watoto kwa bwana mwingine. Askofu Deogratias aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awanunue warudiane na watu wao. Kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kuwatosha, alifungua makanisa mawili makubwa, akaweka vitanda na majani makavu ya kulalia. Alizunguka na waganga, nyuma yao chakula, akapita kitanda kwa kitanda kuuliza hali ya kila mmoja. Usiku alirudi tena, na uzee wake. Habari hizi tunazo kutoka kwa Victor wa Vita, mwandishi wa hukohuko Afrika, aliyeandika miaka kama thelathini baadaye.

Alidumu miaka mitatu tu. Alipofariki, mateka walilia wakiona wamerudi mikononi mwa waliowateka. Alizikwa kwa siri, kwa maana watu walivyompenda kila mmoja angetaka kubaki na kipande cha mwili wake. Baada yake mji ulikaa zaidi ya miaka 20 bila askofu mwingine.

Nilirudi kuisoma sehemu hiyo mara mbili kwa sababu ya swali la video. Katika habari yote hiyo hakuna mahali ambapo mateka wanasimamishwa mbele ya watu waseme asante. Anayezunguka kitandani ni yule anayetoa. Na yeye, mwenye kutoa, ndiye anayeitwa "shukrani kwa Mungu".

Sasa jina lilifikaje Kigali? Lilichelewa sana. Ulaya halikuenea kwa watu wengi, na hata leo si rahisi kumkuta Mfaransa anayeitwa Déogratias. Huku kwetu ukilitamka sokoni Kimironko watageuka wanaume watano. Mimi naona jibu liko kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Shirika lao halikuanzishwa Paris. Lilianzishwa Algeria mwaka 1868, na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers. Mwaka 1884 huyo Lavigerie akawa pia askofu mkuu wa Karthago. Vazi lao jeupe walilichukua kwa watu wa Algeria, na watakatifu wa Afrika ya Kaskazini wakawa kama watakatifu wa nyumbani kwao: Augustino na Monika mama yake, Sipriani, Perpetua na Felisita. Hesabu wangapi kati ya hao wako katika ukoo wako.

Mapadri hao walifika Uganda mwaka 1879, mwaka huohuo wakafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kisha wakavuka upande wa Kongo. Burundi walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898. Rwanda walifika Februari 1900, wakajenga Save. Hapa Kigali kanisa la Sainte-Famille lilianza mwaka 1913, wakati mji wenyewe ulikuwa na miaka sita tu tangu Richard Kandt auanzishe. Mapadri wa kwanza Wanyarwanda walipadirishwa Kabgayi mwaka 1917, na mmoja wao aliitwa Donat Reberaho. Donat nalo ni jina lenye mizizi Afrika ya Kaskazini.

Lavigerie alikuwa na kanuni: mtu asibatizwe haraka, afundishwe miaka minne. Mwisho wa miaka hiyo ndipo alipopata jina jipya, la mtakatifu. Mwanzoni walikuwa wachache. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Mfalme Yuhi V Musinga, ambaye hakutaka kubatizwa, wakamweka mwanawe Mutara III Rudahigwa, na watu wakaanza kuingia kanisani kwa wingi. Rudahigwa mwenyewe alibatizwa mwaka 1943. Si wote walioingia kwa imani. Ubatizo ulifungua mlango wa shule na wa kazi za serikali, na jina la ubatizo ndilo lililoandikwa kwenye karatasi. Hiyo ndiyo sehemu chungu ya historia hii, na hatuna haja ya kuificha.

Lakini yako majina mengi ya Kilatini ambayo watu waliyakubali kanisani wakayaacha mlangoni. Hili walilibeba. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa nalo tayari. Kinyarwanda kina Nshimiyimana, "namshukuru Mungu". Kirundi kina Ndayishimiye, "namshukuru", na anayeshukuriwa anajulikana bila kutajwa. Upande wa Ankole, Uganda, kuna Tumwebaze, "tumshukuru". Mashariki ya Kongo tuna kina Shukuru. Padri alidhani anatoa jina jipya, mama akasikia jina la bibi yake. Ukikutana na Nshimiyimana Deogratias, ujue ameshukuru mara mbili, asubuhi na jioni.

Misa ilipoacha Kilatini, jina nalo likapata nguo nyingine. Kongo walilitafsiri kwa Kifaransa likawa Dieumerci. Vijana wanamjua Dieumerci Mbokani, aliyekuwa mshambuliaji wa Leopards, lakini ukiwaambia kwamba Mbokani na Deo Kanda aliyecheza TP Mazembe na Simba wana jina moja, wanabisha. Tanzania wamebadili herufi: wengi wanaandika Deogratius, kama golikipa Deogratius Munishi "Dida" aliyedakia Yanga. Kwa Kilatini haliko hivyo, lakini sikio la Kiswahili limeshazoea kina Festus na Deodatus, likaona huyu naye ni ndugu yao.

Jina hili pia limewahi kukatazwa. Oktoba 1971 Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 akaagiza kila mtu aache jina la Kikristo achukue la kiasili. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Babu yangu alikuwa Deogratias na alikuwa mwalimu. Kwenye karatasi za shule jina likafutwa, nyumbani bibi akaendelea kumwita Deo kama kawaida. Mama yangu anasema walipokuja watu wa chama alimwita "Muzee" tu, wakiondoka anarudia Deo. Majina ya ubatizo yalirudi hadharani baada ya Mobutu kulegeza kamba mwaka 1990. Babu alishafariki, wala hakuandikwa tena Deogratias mahali popote isipokuwa kwenye msalaba.

Sitaki mtu afikiri jina hili ni hirizi. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, waliouawa walikuwa na majina ya ubatizo, na waliowaua pia walikuwa nayo. Wengine walibatizwa kanisa moja. Mchoraji Mbelgiji Jean-Philippe Stassen alitoa mwaka 2000 kitabu cha picha kiitwacho Déogratias, na kijana mwenye jina hilo ndani yake si mtu mwema. Jina linakuita tu. Kuitika ni kazi yako.

Wako walioitika. Deogratias Niyizonkiza alikuwa mwanafunzi wa udaktari Burundi vita vilipoanza mwaka 1993. Alikimbia kwa miguu akaingia Rwanda, na mwaka 1994 akalazimika kukimbia tena. Alifika New York na dola 200, hajui Kiingereza, akalala katika bustani ya Central Park. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Columbia. Kisha akarudi Burundi, na mwaka 2007 akafungua kliniki Kigutu, kusini mwa nchi, pamoja na wanakijiji. Nilipowasimulia kikundi, Deo Kipa aliuliza kama yule Askofu wa Karthago ni babu yake. Nikamwambia kwa damu hapana.

Narudi kwa Deo Mrefu na lile neno lake kwamba hawajui kuandika jina. Niliomba kuona karatasi zake. Ya Tanzania inasema Deogratius. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, familia ikarudi Burundi, na huko shule ikaandika Déogratias, na alama juu ya e. Mwaka 2015 walikimbilia Rwanda, na karani mmoja akamwandika Deo Gratias, maneno mawili, kama mtu mwenye jina na jina la baba. Fomu yake ya mtihani wa taifa ilirudishwa mara mbili kwa sababu kompyuta iliona watu watatu. Mwaka huo nusura akose mtihani. Na mimi nilimchagua huyohuyo aseme asante.

Nilienda kumsalimia mama yake. Mama Deo anauza mboga, haongei mengi. Nilimuuliza kwa nini alimpa mwanawe jina lile. Akaendelea kufunga mafungu ya dodo, halafu akasema: "Kabla yake nilizika wawili, wote njiani. Huyu akazaliwa kambini, akalia, akanyonya. Nilimshukuru Mungu. Sikuishukuru kambi."

Kwa wenzetu mnaofanya kazi ya kuandikisha watu, nina ombi dogo tu. Jina hili ni moja, haligawanywi: D-e-o-g-r-a-t-i-a-s. Kama mtu ana karatasi yenye u mwishoni, msimsahihishe, mwandikeni alivyo kwenye karatasi yake na mumuulize kabla ya kubonyeza. Dakika moja ya kuuliza inaokoa mwaka wa shule.

Na kuhusu asante: sisi tunaipenda, tumelelewa nayo, tunawapa hata watoto wetu kama jina. Anayetaka kuisikia kwetu ataisikia, lakini asituwekee kamera kwanza. Wageni walipoandika kuuliza kama tunaweza kurudia ile video, niliwajibu kwamba kijana amekwisha sema. Mipira bado tunaichezea.

Jumamosi iliyopita niliita majina kama kawaida. Nilipofika kwao sikuita Deo. Niliita Deogratias, jina zima. Kwanza walinyamaza, wakatazamana kama wamefanya kosa. Halafu wakaitika wote watatu kwa pamoja.